Mkeka Uliorudi Nyumbani

Harufu ya ukindu wa zamani hunirudisha mtaani kwetu Likombe, kwenye chumba cha nyuma alikolala mdogo wangu Salumu. Nimesema alikolala? Miaka ile ya tisini Salumu alikuwa halali. Majogoo yalimkuta macho makavu, anazunguka chumba kwa ncha za vidole, na sisi sote macho mekundu.

Majirani walikuwa na majibu yao. Huyu alisema mtoto ana shetani, yule alisema anadekezwa. Mama aliwaitikia kwa adabu, kisha akarudi kumtazama mwanawe. Sijaona tena mtu mwenye kipaji kile cha kutazama. Aligundua kwamba Salumu hutulia akipitisha kidole kwenye mishono ya mkeka wake, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ukutani hadi ukingoni. Basi kila baada ya Isha mambo yakawa yale yale: maji ya vuguvugu, redio inazimwa, taa ya chemli inapunguzwa, kidole kinaanza safari. Kikifika ukingoni, mwenyewe kalala. Sote tukaanza kunenepa.

Ikaja Idi. Kwetu Idi ilitaka kila kitu kipya, kuta zipakwe chokaa na sakafu ipate mikeka. Mfungo mzima mama alisuka mkeka mpya wa rangi, na ule wa zamani akampa sadaka Bi Somoe, mjane wa nyumba ya tatu. Mkeka mpya ulipendeza mno, ila mishono yake haikuwa pale kidole kilipoitafuta. Salumu alilia siku tatu mfululizo, akigonga kichwa ukutani mpaka chokaa ikabanduka. Siku ya nne mama akaukunja mkeka mpya, akanishika mkono.

Mnajua kwetu, kuidai sadaka yako ni aibu ya kusimuliwa mtaa mzima.

"Shikamoo, Bi Somoe. Leo nimekuja sina haya," mama alisema. "Ule mkeka naomba unirudishie. Mtoto halali. Chukua huu."

"Marahaba, mwanangu. Mkeka tu ndiyo unaomba hivyo? Chukua! Na huu mpya nitauringia mpaka Idi ijayo."

Tukarudi jua la alasiri likiwaka, mkeka uliochakaa uko kichwani kwa mama. Kutoka kwa wanawake waliokuwa barazani nikasikia, "Kaidai sadaka yake!" na vicheko. Nikauachia mkono wa mama. Nikabaki nyuma, najifanya nimetumwa dukani. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimwonea mama haya.

Usiku ule kidole cha Salumu hakikufika hata nusu ya mkeka, usingizi ukamchukua. Mama alikaa mlangoni akimsikiliza anavyopumua, akawa anacheka peke yake.

Miaka mingi baadaye nesi mmoja alitutajia neno usonji, hali ambayo Salumu kazaliwa nayo. Akamweleza mama kwa upole namna ya kumlaza: saa ile ile, mpangilio ule ule, mwanga hafifu, vitu alivyovizoea. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ndivyo tunavyofanya."

Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile mama hakuaibika. Aliyeaibika ni mimi, kwa kuuachia mkono wake.

Sasa Salumu ni mtu mzima, na mkeka una viraka vingi kuliko ukindu. Tukisafiri naye, hatuendi bila huo mkeka. Naubeba mimi, kichwani, katikati ya stendi. Watu wakinitazama, napunguza mwendo.