Taulo Jeupe la Kikundi

Mwaka 2019, mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, mjane kwa miaka tisa, na katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Ukatibu huo niliuonea fahari. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna tarehe iliyonipita bila kuandikwa.

Tulikutana Jumapili, kila baada ya wiki mbili, mara mtaa wa Laini Saba, Nairobi, tulikoishi wengi wetu, mara mtaa wa Kawangware 46 kwa wenzetu waliohamia huko. Aliyefika kutoka kwenye vumbi alipokewa kwa beseni la maji ya uvuguvugu na taulo, anawe uso kabla ya kuketi. Taulo lilikuwa langu, jeupe na zito, zawadi ya harusi yangu. Nililibeba kila tulipokwenda, kwa kuwa sikuona la mwenzangu lililostahili nyuso za wageni.

Tarehe 3 Machi, saba kati yetu tulikuwa na macho mekundu.

"Macho ya mtoto yamefungwa na usaha, na bado unatuletea?" mwenyekiti alimwambia mwenzetu mdogo kuliko wote, muuza omena, wale dagaa wadogo, mwenye mtoto wa miezi mitano.

"Sasa mum, nimwache na nani?"

"Mwache na omena," mwingine akadakia. "Macho ya kumchunga hayatakosekana!"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Iliamuliwa akae nyumbani hadi mkutano ujao, utakaoamua kama jina lake lifutwe. Hakuwa na ndugu Nairobi. Sisi ndio tuliompokea alipojifungua. Nami nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: ugonjwa uliletwa na mtoto.

Jumanne, tarehe 12 Machi, macho yangu yaliwasha upya, nikaenda zahanati moja ya Riruta. Muuguzi, msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliyatazama, akaniita nyanya kwa lugha ya vijana.

"Shosh, huwa mnapanguza uso na nini?"

Nilimweleza, kwa kujivuna kidogo, juu ya taulo letu na jinsi nilivyolifua kwa sabuni baada ya kila mkutano.

"Na linapanguza watu wangapi kabla ya kufuliwa?"

"Kumi na wawili."

Aliweka kalamu chini. "Basi ni safi kwa wa kwanza peke yake. Huyo akiwa mgonjwa, amewagawia wote. Kila mtu awe na kitambaa chake, shosh. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa jicho, na baada."

Niliporudi nilifungua daftari. Tarehe 3 Februari, kwangu: katibu anawashwa na macho, vumbi. Tarehe 17 Februari, Kawangware: wanne wamefika na macho mekundu, mtoto wa muuza omena ameletwa kwa mara ya kwanza, mzima.

Kwa siku mbili nilijiambia kwamba daftari lile hulisoma mimi tu. Siku ya tatu, Ijumaa, nilikwenda kwenye meza ya muuza omena kando ya reli. Macho ya mtoto yalikuwa yamepona kwa dawa. Nikamweleza.

"Kwa hivyo nimelia hizi siku zote juu ya taulo?"

"Juu yangu," nikasema.

Aliendelea kupima omena za mteja, kisha akaniuliza bila kuniangalia: "Utasema hivyo mbele yao, ama ni hapa tu kwa omena?"

Jumapili, tarehe 17 Machi 2019, nilisimama nikazisoma tarehe zote kwa sauti, na jina langu likatangulia. Nikamwomba muuza omena radhi mbele ya wote. Nikapendekeza kwamba jina lake libaki, taulo liondoke, na kila mwanachama aje na kitambaa chake.

"Katibu, taulo la harusi yako?" mwenyekiti akauliza.

"Hilo hilo."

Akauliza nani anaunga mkono. Kisha muuza omena, mtoto akiwa amelala begani pake, aliinua mkono. Niliandika jina lake mahali pa mwungaji mkono, mwenyekiti akatia sahihi, nami nikatia yangu.