Jirani Mwenye Begena

Jirani yetu pale Gondar alipiga begena, kinubi kirefu cha nyuzi kumi, kila alasiri ya Kwaresima. Kwanza alifuta nyuzi kwa ncha ya shuka lake, moja moja, kisha akafumba macho na kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mwaka ambao wanajeshi walisaka wanafunzi nyumba kwa nyumba, alinificha nyuma ya magunia yake ya nafaka, akaketi kupiga. Askari wawili wakaingia bila hodi.

“Mzee, nyamazisha hilo ligitaa! Uko na nani humu?”

“Na Mungu, mwanangu.”

“Ana kitambulisho huyo?”

Wakacheka. Mmoja akaanza kuchoma magunia kwa singe, gunia baada ya gunia, akinikaribia. Mzee akaanza tena kupiga, safari hii wimbo wa kaburi, unaomuuliza kijana atajibu nini siku akilazwa udongoni. Singe ikasimama.

“Unamwimbia nani hayo? Acha! Nimesema acha!”

Hakuacha. Wakatoka, nusura wakimbie.

Nilipochungulia, vidole vyake bado vilikuwa vikipiga, na kanzu yake ilikuwa imelowa mkojo hadi magotini.

“Kimbia, binti yangu,” alisema. “Mimi miguu imekataa.”