Dawa ya Commandant

Kwetu Butembo dawa iko mingi. Kuko dawa ya tumbo, dawa ya panya, dawa ya kumwangilia viazi. Wakati ya vita, bapiganaji ba mu pori nabo balikuwa na yabo: maji ya kujipakala juu risasi isiingie. Lakini ilikuwa na sheria moja. Mwanamuke akikugusa, nguvu ya dawa inakufa.

Siku moja nilitoka Kyavinyonge, kule ku ziwa, na kitunga ya samaki ya kuuzisha, chakula ya batoto yangu ya mwezi muzima. Commandant wa bale bapiganaji, pale ku barrière kwenye balifunga njia, akaikamata yote. Jina yake sitaiandika, lakini ni ule mwenye kuuzisha misumari karibu na parokia.

"Mama, acha kitunga, enda."

"Aksanti, mukubwa. Lete mukono nikusalimie."

Akarudi nyuma. Nikafungua mikono yote mbili, kama nimeona kaka yangu. Akakimbia na kitunga yangu ku kichwa, mimi nyuma yake, mpaka akaitupa na kuingia mu shamba ya viazi. Kumbe ile asubuhi balikuwa bameimwangilia dawa. Akatokea ngambo ingine anakohoa, askari yake banacheka mpaka banakaa chini. Nikaokota samaki zangu. Moja ilikosekana, ile kubwa kuliko zote.

Leo anaikala banc ya mbele mu kanisa. Padri akisema tupeane amani, ninapita batu bote, ninamushika mukono kwa nguvu, ninamuuliza polepole: "Papa, na ile samaki yangu?"