Simbilisi Alioniachia Mke Wangu

Mke wangu alipofariki, ng'ombe hawakujua. Walikunywa maji kama kawaida, wakaenda malishoni. Waliojua ni simbilisi wake, wale wanyama wadogo wasio na mkia, sungura si sungura, panya si panya. Alikuwa nesi, mwenyeji wa Njombe, na kwao simbilisi hulala jikoni karibu na mafiga. Alipoletwa kikazi huku Serengeti, tukaoana, aliwatafuta mpaka akawapata kwa nesi mwenzake Mugumu. Nilimcheka. Mimi ni Mkurya wa Tarime niliyehamia Kisaka kufuata malisho. Mnyama asiye na pembe simwiti mfugo.

Lakini kwake walikuja. Akikaa kwenye kigoda kumenya ndizi, walimzunguka miguuni wakidai maganda kwa vile vilio vyao vyembamba. Mimi niliwaona nikiwa mlangoni tu. Kwetu mwanamume hakai jikoni. Anaita, analetewa. Sikuona ubaya wake, maana alikuwepo wa kuitika.

Baada ya msiba, dada yangu aliyekuja kunisaidia alitaka kuwagawa. Nikakataa. Nguo za marehemu ndugu zake walishazichukua, na watoto hatukujaliwa. Hawa ndio waliobaki na pumzi kati ya vitu vyake. Niliogopa kwamba wakifa, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Kosa nililofanya ni la mchunga ng'ombe. Niliwatoa jikoni nikawajengea banda zuri la mbao pembeni ya zizi la ndama, mahali ambapo mwanamume anaweza kusimama bila kuchekwa. Kila asubuhi niliwapelekea majani mabichi ya mahindi. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulijaa, na bado walikimbilia kona wakalaliana wakitetemeka. Nikimkamata mmoja, alilia kama ninamchinja. Wakaanza kukonda. Uchovu wa jembe nimeuzoea, lakini kukimbiwa kila siku na kiumbe kisichozidi kiatu changu kulinichosha hata usingizi haukunisaidia.

Dada yangu alinitazama nikirudi kutoka bandani na majani yaleyale, hayajaguswa.

"Kaka, hao hawajakukataa," akasema. "Hawakujui tu. Lini ulikaa nao?"

"Sasa nikakae nao wapi?"

"Si unajua walikokuwa wanakaa?" Akaendelea kuosha sufuria.

Nikawarudisha jikoni. Jioni, nikitoka kupalilia, niliingia nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu, magoti yakinikaribia kidevu. Dada alipika huku akijizuia kucheka. Sikuwaita simbilisi wala kuwagusa. Nguvu hizo sikuwa nazo. Jioni nyingi zilipita hivyo, wao nyuma ya kuni, mimi nikitazama moto. Nikagundua kwamba ukikaa kwenye kile kigoda, mtu aliyesimama mlangoni unamwona vizuri sana. Miaka yote ile alikuwa ananiona nimesimama pale. Hakuwahi kuniambia niingie, na mimi sikuwahi kuuliza.

Siku moja dada alikwenda kuchota maji, nami nikasinzia, mkono umening'inia karibu na sakafu. Niliamshwa na kitu chenye unyevu. Simbilisi mweupe, yule jike mzee ambaye mke wangu alimpenda kuliko wote, alikuwa ananilamba vidole, na mkononi sikuwa na kitu. Machozi yakanitoka. Niliyaacha yashuke, nikiogopa kwamba nikiinua mkono kuyafuta atakimbia.

Ndipo rafiki yangu wa rika, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, akapiga hodi uani.

"Mura, uko wapi?" akaita, kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya.

Zamani ningetoka mbio anikute sebuleni. Simbilisi alitulia, akanitazama, kisha akarudi kwenye vidole vyangu.

"Niko jikoni," nikajibu kwa sauti ya chini. "Ingia polepole. Kuna kigoda kingine."