Dakika Ishirini za Jumamosi

Mtaani walimwita Fundi Redio, na jina hilo lilimganda hata baada ya watu kuacha kuleta redio. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake katika vyumba viwili. Sebuleni, juu ya meza, palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo yeye mwenyewe hakuwa na haja nayo. Aliyeitumia ni binti yake, muuguzi, aliyekuja kila Jumamosi asubuhi akitoka zamu kuandika ripoti ya wodi, maana kwenye simu maandishi yalimuumiza macho.

Binti alikuwa akibonyeza swichi, kompyuta inaguna, kisha inachukua dakika ishirini nzima kabla ya kuwaka sawasawa. Baba alibandika chai, wakakaa. Walizungumza habari za wagonjwa, za jirani mbishi, za marehemu mama alivyokuwa akiimba nyimbo asizojua maneno yake. Ungemuuliza mzee wiki yake ina siku ngapi, kwa haki angekujibu moja.

"Baba, hii mashine itanitoa roho," binti alisema Jumamosi moja. "Mwezi ujao nachukua laptop, niwe nafanyia kazi nyumbani kwangu."

"Vizuri, mama," mzee akajibu, akacheka kicheko kisichofika machoni.

Akapiga hesabu zake: kompyuta ikiwaka upesi, mtoto hatakuwa na sababu ya kununua nyingine, ataendelea kuja. Basi akaifungua. Skrubu alizipanga juu ya gazeti kwa mpangilio zilivyotoka, kila moja akaizungushia duara la kalamu, kama alivyofundishwa enzi za redio. Vumbi la feni alilitoa kwa brashi ya rangi. Akaongeza kipande cha pili cha ram, kumbukumbu inayoipa kompyuta kasi, akang'oa diski ya zamani iliyokuwa ikikwaruza, na vyote vilivyokuwemo akavihamishia kwenye diski mpya, ndogo, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ile kuukuu hakuitupa; mafundi wa aina yake hawatupi kitu ambacho bado kinazunguka. Aliifunga kwenye kitambaa akaitia kwenye droo. Alipobonyeza swichi, kioo kikawaka hata kabla hajavuta kiti. Akapiga makofi peke yake, mtu mzima na mvi zake.

Jumamosi ilipofika, alimwacha binti mezani akaenda jikoni. Maji hayajapata hata moto akasikia vitufe vinalia.

"Baba! Umeifanya nini? Imekuwa mpya kabisa!"

"Nimeigusagusa tu," akajibu, kifua kimemjaa.

Aliporudi na vikombe viwili alimkuta amesimama, mkoba begani.

"Nimeshamaliza. Leo nitawahi kulala. Mungu akubariki, fundi wangu."

"Na chai je?"

"Wiki ijayo, Baba."

Wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale. Ya tatu hata viatu hakuvua.

Hapo ndipo mzee alipokosea, nami simlaumu sana. Mdomo alikuwa nao. Angeweza kusema, kaa kidogo mwanangu, upweke unaniua. Lakini maisha yake yote, kila kilichoharibika alikitafutia bisibisi, na hata hili akalitafutia bisibisi. Ijumaa akafungua droo, akarudisha diski ya zamani, ile ram ya pili akaichomoa.

Kesho yake kompyuta ikaguna kama zamani. Mzee akabandika chai, moyo mweupe.

"Imekuwaje tena?" binti akauliza.

"Sijui, mama. Labda uzee. Kaa, itakuja tu."

Alikaa ukingoni mwa kiti, macho mekundu kwa kukesha wodini, akiitazama saa ya ukutani. Mzee akamwanzishia habari za jirani mbishi, akajibiwa "mh." Dakika ya kumi binti akainuka.

"Baba, usijisumbue tena na hili bovu. Umejitahidi sana. Laptop nilishaiacha, nikasema Baba kanitengenezea, nitakuwa nakuja hapa hapa. Sasa sina budi. Nikitoka hapa napitia dukani."

Kusema ukweli kulitaka kwanza mzee akiri alichokifanya, na uso angeuweka wapi?

"Sawa, mama. Nenda salama."

Mlango ukafungwa. Akaleta vikombe viwili kwa mazoea, akavitua mezani, akakaa kwenye kile kiti cha binti ambacho bado kilikuwa na joto. Diski ilikuwa ikikwaruza. Akaingoja kompyuta mpaka ikawaka, dakika kumi nyingine.