Stempu ya Kijana wa Mlingotini

Nimepanga foleni katika posta nyingi, na sijaona mkono mwepesi kama wa Mama Muhuri. Hilo ndilo jina alilopewa na wenzake. Kwa miaka ishirini na miwili duara la tarehe la muhuri wake lilitua katikati ya stempu bila kuyumba.

Kisha zikaja stempu za ukumbusho wa miaka thelathini ya uhuru. Zilionyesha bendera ikipandishwa, umati chini yake, na kijana mmoja aliyeparamia mlingoti wa taa, akicheka. Mama Muhuri alimtambua palepale. Alikuwa kaka yake, aliyemwachia ziwa. Siku ile ya bendera alirudi nyumbani shati limechanika, akijisifu kwamba ameiona bendera kabla ya mawaziri. Miezi mitatu baadaye homa ilimchukua. Hakuacha picha hata moja, maana baba yao alikuwa amesema atapigwa picha siku ya harusi yake.

Tangu hapo muhuri ukawa unatua pembeni, nusu juu ya bahasha. Mwenzake wa dirisha la pili akamuuliza kama muhuri wake umeingia makengeza. Wateja nao si wajinga. Walizibandua stempu zisizogongwa sawasawa kwa mvuke wa birika na kuzituma tena. Makao makuu yakarudisha furushi zima la bahasha, na mkuu wa posta akamwita.

Mama Muhuri akaeleza yote. Mkuu akaichukua lenzi, akaitazama stempu kwa muda mrefu.

“Mama, uso wenyewe ni mdogo kuliko chembe ya chumvi. Una hakika?”

“Ningemjua hata kwa kisogo.”

Mkuu hakubisha. Alisema hawezi kuliacha jambo liendelee, ila anaweza kumhamishia chumba cha vifurushi, asizione tena stempu zile.

“Na pale dirishani atakaa nani?”

“Yeyote nitakayempata.”

Mama Muhuri alimfikiria huyo yeyote, mkono wake mzito, kichwa chake kikiwaza chakula cha mchana.

“Basi niache,” alisema. “Nitamgonga mimi.”

Akarudi kwenye kiti chake, akafuta muhuri kwa kitambaa, akauchovya wino. Mwenzake wa dirisha la pili alimsikia akisema polepole, “Niwie radhi, kaka.” Kisha akavuta bahasha ya kwanza. Hadi jioni hakukosa katikati hata mara moja.