Nilisikiliza simu za Wachecheni kwa ajili ya usalama wa Marekani, mpaka siku niliyopelekwa kwa mzee wa Tonawanda

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii si chai, na sina ninachopata kwa kuipika. Majina nimebadilisha, na vitu vingine nimevipindisha ili mtu asijulikane. Ofisi sitaitaja, msijisumbue kuniuliza PM.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipata scholarship ya kusomea mafuta Urusi ile ya zamani, nikapangiwa Grozny, huko Chechnya. Wengi mnaijua Grozny kwa vita. Mimi naijua kwa mama mmoja anaitwa Zulai.

Hosteli ilikuwa na baridi ya kuua, rafiki yangu wa darasani akanichukua kwao. Zulai ndiye mama yake. Kirusi alikijua vizuri, ila ndani ya nyumba yake hakikutumika. Ukitaka chai, omba kwa Kichecheni. Ukikosea, anakurudisha mwanzo kama mtoto mpaka upatie.

Nilikaa pale miaka, nikarudi Kigoma vita vilipokaribia. Familia ile iliishia wapi, mpaka leo sijui.

Tuje Marekani.

Mke wangu ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi kwetu Kigoma. Familia yake ilipopata nafasi ya kwenda Marekani tukaenda pamoja, tukapangiwa Louisville, Kentucky. Nikafanya kazi ghalani, kupakua maboksi. Majirani zetu wengi ni Wakongomani wa Kivu Kusini, kanisa moja, misiba na harusi pamoja.

Mwaka 2014, nikiwa nimeshapata uraia, nikaona tangazo la watu wenye lugha adimu. Kichecheni kimo. Nikapiga simu nikijicheka mwenyewe. Mtihani ulifanyika kwa simu, na yule mama aliyenipima aliniuliza kama kweli nimetoka Afrika au namtania.

Nikafaulu. Ndipo wakaanza background check, kuchunguza maisha yangu, na hapo ndipo nilipoumia mara ya kwanza.

Jirani yangu Papa Bahati, ambaye tulikuwa tunakwenda naye kazini kwa gari moja, alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada.

"Baba Neema, bon, bazungu bawili balikuya kwangu. Banauliza kama unakunywaka, kama unapenda hii inchi, kama kuko batu banakutembeleaka. Ulifanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ni kazi mpya."

"Kazi gani yenye banauliza kwanza batu?"

Kumweleza nilikuwa siruhusiwi. Watu waliokimbia serikali tatu wakiona mtu anachunguzwa hawahitaji maelezo marefu. Tangu siku hiyo nikiingia kwenye kikundi nje ya kanisa, mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa.

Kazi yenyewe ilikuwa Columbus, Ohio. Nikapanga chumba mtaa wa Clintonville, mke na watoto wakabaki Louisville kwa sababu yeye alikuwa na kazi ya kutunza wazee na watoto wako shule. Nikawa narudi wikiendi.

Wakuu, msifikirie mambo ya sinema. Ni kiti, kompyuta na headphone. Unasikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa, unaandika kwa Kiingereza kilichosemwa. Asilimia kubwa ni watu wanauliziana afya, bei za vitu, nani kaoa, nani kaumwa.

Ila unaingia kwenye maisha ya watu. Kuna mzee nitamwita Vakha. Anaishi Tonawanda, juu kidogo ya Buffalo, New York, kibarua wa kiwandani, mke alishafariki. Yeye hakuwa na kosa. Alisikilizwa kwa sababu ya mtoto wake wa pekee, Adam, aliyeaga kwamba anaenda kutafuta kazi Uturuki, kumbe amevuka kwenda Syria.

Nilimsikia Vakha akimbembeleza. Nilimsikia akimtukana. Nilimsikia akimwambia, "Rudi, hata wakikufunga. Gerezani nitakuja kukuona."

Halafu Adam akaacha kupokea simu.

Vakha akawa anaacha voicemail. Kila siku, akitoka kazini. "Adam, leo theluji imeziba mlango. Adam, yule paka wako kanikwaruza. Adam, mimi baba yako." Mimi natafsiri, natuma, nafungua nyingine.

Siku moja ikaja rekodi ya watu wengine kabisa, vijana wawili. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba Adam kafa na wamemzika. Nikarudia kusikiliza nikitafuta Adam mwingine. Alikuwa yuleyule. Baadaye ikaja nyingine yenye habari hiyohiyo.

Na voicemail za baba zinaendelea kuja mezani kwangu.

Nikamwendea supavaiza, nikamuuliza mzee ataambiwa lini.

"Haambiwi," akasema. "Aliyemshawishi kijana aende huko huenda ndiye atakayempigia baba kumpa habari. Tunataka kujua ni nani. Hapo mjini kuna vijana wengine anaozungumza nao."

Hakusema kwa ukatili, niwe mkweli. Alikuwa na sababu, na mpaka leo siwezi kuiita sababu ya kijinga.

Nyumbani nikawa mtu wa ajabu. Mke wangu akaniambia, "Mume wangu, huko unasikiliza nini, hata ukija hapa hutusikii?" Sheria ni sheria, hata mke haambiwi. Neema binti yangu akaacha kunihadithia mambo ya shule, nami nilichelewa kutambua.

Simu tuliyoisubiri haikupigwa. Mwanzoni mwa 2016 wakaamua kwenda kumhoji Vakha wenyewe, na wenye lugha hiyo ni wachache, nikaambiwa niongozane na maafisa wawili, mwanaume na mwanamke. Nikaonywa: tafsiri tu. Kuhusu kifo, kimya.

Tukatua Buffalo, asubuhi tukaenda Tonawanda.

Akafungua mlango mzee mfupi, mabega mapana. Nilipomsalimia kwa Kichecheni alinitazama mimi na kuwasahau wale wawili.

"Lugha hii umeipata wapi?"

"Kwa mama mmoja wa Grozny. Alinilisha miaka mingi."

Akatuvuta ndani. Akaleta chai, mkate na jibini. Maafisa hawakugusa. Mimi nilikunywa, kwa sababu katika nyumba ya Mchecheni kukataa chai ni kumtukana.

Afisa wa kiume akauliza maswali, mimi nikatafsiri. Nani alikuwa rafiki wa Adam? Nani alikuwa anakuja hapa? Vakha akajibu yote, polepole, bila kuficha. Kisha akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi.

"Wewe umekula mkate wa mama wa kwetu. Mwanangu yuko hai?"

Nikamtafsiria afisa.

"Mwambie hatuna taarifa yoyote," afisa akasema.

Nikamwambia Vakha kwa Kichecheni, "Anasema hawana taarifa yoyote." Hiyo ilikuwa kazi yangu, nikaimaliza. Mzee akaendelea kunitazama. Nikasikia mdomo wangu ukiongeza, "Mungu amsamehe."

Wakuu, kwao maneno hayo hutamkwa kwa marehemu.

Vakha akasimama. Akapitisha viganja usoni, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama unavyomshika aliyekuja msibani, akasema ahsante. Hakulia mbele yetu.

Kwenye gari yule afisa wa kike ndiye aliyeuliza. "Umemwambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Tulipofika barabara kuu akasema, "Unajua lazima niandike hili."

"Najua."

Clearance, kile kibali cha kazi za siri, ikafutwa. Kesi walinitishia, wakili akapambana, haikufunguliwa. Nikarudi Louisville, nikarudi ghalani. Papa Bahati ananisalimia, ila gari lake sipandi tena, anasema limejaa.

Vakha sikumsikia tena, na sina njia halali ya kumtafuta.

Mnaosema nilifanya vizuri, ngojeni kwanza. Kabla sijaondoka supavaiza aliniambia kwamba simu waliyokuwa wanaisubiri haitapigwa tena kwa kuwa mzee ameshajua, na kwamba miezi ile kuna kijana mwingine wa maeneo hayohayo aliondoka kwenda Syria. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Yeye pia alisema hajui. Nimekaa na hilo miaka yote hii.

Nilichojifunza: ukiwa na lugha ambayo wengine hawana, kuna siku utakuwa mtu pekee chumbani anayeelewa pande zote mbili. Kabla hujasaini, jiulize kama unaweza kumtazama mtu usoni ukiwa umebeba msiba wake na usiseme. Mimi nilidhani naweza.

Uwanja ni wenu, mnaonipinga mnipinge kwa hoja. Ila kabla hujaandika, kaa kwenye kiti cha Vakha, kisha kaa kwenye changu, kisha kaa kwenye cha mzazi ambaye wakati ule mtoto wake alikuwa bado hajaondoka nyumbani.